Matete Dirishani kwa Baba

Kijiji cha Ujamaa Ilindwe,
S.L.P. 14,
Vwawa, Mbozi.
11 Aprili 1976

Mpendwa mdogo wangu Anyitike,

Salamu zangu zikufikie huko Tanga, wewe, wifi yangu na watoto. Natumaini ile homa iliyokulaza mwezi wa Februari, hata ukashindwa kuja kumzika baba, imekwisha kabisa. Usiniandikie kwamba umepona halafu nisikie kwa watu kwamba bado unatetemeka. Wifi ameshazoea joto la huko? Na yule mdogo wenu, ameota meno? Mimi ni mzima, ila mgongo. Miezi minane ya kumgeuza mtu mzima kitandani haitoki mgongoni kwa wiki saba nane.

Mvua bado zinanyesha. Mahindi ya shamba la kijiji yamekuwa ya manjano kwa maji na magugu, yale ya nyuma ya nyumba zetu ni mazuri, na sababu kila mtu anaijua ila hakuna wa kuisema. Kahawa yetu kule mlimani imemezwa na majani. Sukari hakuna, hata Tunduma walisema hakuna. Chai tunainywa hivyo hivyo.

Barua yako nimeipata kwa mkono wa mwalimu. Umeniuliza baba alikufaje, maana ile simu ilikuambia maneno manne tu. Nitakueleza. Ila soma ukiwa peke yako.

Nianze na nyumba, kwa sababu hukuiona. Ulipokuja mara ya mwisho bado tulikuwa kule juu, mahali ambapo baba alikaa kibarazani akaona mpaka malori ya Zambia yakipanda barabara kubwa, na hakuna mtu aliyemwona yeye. Mwaka wa sabini na nne tulishushwa. Nyumba ya juu ilichomwa siku ile ile ili tusirudi. Huku chini tulipewa kiwanja kwenye mstari, mita chache kutoka njia ya kijiji, tukajenga haraka kwa miti na udongo kabla ya mvua. Sakafu iko chini kuliko njia. Dirisha la chumba cha mbele linaanzia kwenye kiuno cha mtu anayepita, kwa hiyo anayepita anaona mpaka uvunguni mwa kitanda.

Baba alipopatwa na kiharusi, Juni mwaka jana, chumba kile cha mbele ndicho nilichomlaza, kwa sababu ndicho chenye dirisha linalotazama mlima. Upande wa kulia ulikufa wote, mkono na mguu. Mdomo ulipinda, maneno yakawa machache na mazito. Lakini macho yake ya mbali yalibaki yale yale unayoyajua. Alikuwa anaona kahawa yake, anaona mahali ilipokuwa nyumba, na katikati anaona kaburi la mama, lile alilolijenga mwenyewe kwa matofali ya kuchoma na kulipaka chokaa kila Pasaka. Akishaliona asubuhi, alikunywa uji. Asipoliona, kwa mfano kukiwa na ukungu, hakunywa.

Basi nikawa na taabu mbili zinazopingana. Nikifunga vibao vya dirisha, baba analia. Nikivifungua, kijiji kizima kinatazama ninavyomsafisha.

Usifikiri watu walipita wakigeuza uso. Wanawake wa kisimani walisimama na ndoo kichwani. Watoto wa shule waliita majina. Siku moja mlevi mmoja aliegemeza viwiko dirishani kama yuko kaunta, mimi nimemvua baba nguo zote, akasema, "Huyu si ndiye Mzee Mbonile aliyekuwa anatusomea majina ya wakosaji kanisani? Leo anapanguswa kama mtoto mchanga!" Nyuma yake wakacheka. Baba alijaribu kujifunika kwa mkono wa kushoto, mkono haukutosha. Nilimmwagia yule mlevi beseni lote usoni, na maji yale unajua yalikuwa maji gani. Wakacheka zaidi, safari hii yeye ndiye aliyechekwa. Lakini baba aliugeuzia ukuta uso siku mbili.

Nilitundika kanga. Upepo ukaipeperusha, na ikitulia haionyeshi kitu, baba anatazama maua ya kanga. Nikaweka kipande cha chini tu kwenye kamba. Warefu walichungulia kwa juu, na baba akabaki na mbingu peke yake. Akaniambia, "Mbingu nitaiona karibuni. Nipe mlima."

Aliyetuokoa ni Nesta. Humjui. Ni mjane Mnamwanga, alihamishiwa hapa kutoka upande wa Ndalambo, nyumba yake inafuata yetu. Anasuka mikeka na vikapu. Alikuja akasimama njiani muda mrefu, akaingia ndani akasimama muda mrefu, kisha akasema, "Dada, chumba chako kina mwanga mno. Anayekaa penye mwanga ndiye anayeonekana." Tulikwenda naye bondeni tukakata matete, tukayapasua, akayasuka kwa kamba akiacha kati ya tete na tete nafasi ya kupita njiti ya kiberiti. Upande wa nje aliupaka chokaa. Upande wa ndani akaupaka masizi. Halafu akaniamuru nizipake kuta za chumba udongo mweusi wa bondeni, nikisogeze kitanda mpaka ukuta wa nyuma, nikiinue kwa matofali mawili mawili kila mguu, na taa ya usiku iwake chumba kingine, kisiwe hiki.

Tulipotundika, nilitoka nje nikatazama. Niliona matete meupe yakimeremeta juani, basi. Nikarudi ndani nikainama karibu na kichwa cha baba. Mlima wote ulikuwa pale, umechanwa mistari myembamba, na ukitazama kwa muda mistari inapotea. Baba alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Juni.

Balozi wetu wa nyumba kumi, Jairo, alikuja kesho yake. "Ndugu Tulinagwe, nyumba ya mjamaa haina siri. Mnaficha nini?" Nikamwambia aingie aone ninachokificha. Nilikuwa katikati ya kumfunga baba nepi. Alisimama dakika moja, akatazama dirisha kutoka ndani, akashtuka. "Kumbe anatuona sisi!" Baba akamjibu kwa mdomo ule uliopinda, "Ninyi ndio mlioniweka njiani." Jairo alitoka. Pale nje, mbele ya watu, akasema kwa sauti ya kutosha, "Liacheni. Hatakaa nalo sana." Baba alisikia. Matete hayazuii sauti.

Na hapo ndipo watu waliposahau kwamba tumo ndani. Mtu asipokuona anadhani na wewe umekufa. Walisimama chini ya dirisha wakasengenyana, wakamgawana baba kabla hajafa. Nani atapata koti lake. Mimi nitarudi kwa nani, maana mume alishanifukuza. Baba alisikia yote, akawa ananiambia, "Umesikia? Mimi nimesikia."

Sasa nakuja kwa Rubeni. Unajua kaka yetu alivyo na uchu wa uongozi, na alikuwa kwenye kamati ya kijiji. Mwaka jana walipotangaza kampeni ya nyumba bora, aliinuka kwenye mkutano akaahidi kwamba yake itakuwa ya kwanza kijijini, ya matofali ya kuchoma, kabla ya mvua. Ahadi alikuwa nayo, matofali hakuwa nayo.

Mwezi wa Septemba baba akaniambia, "Kaburi la mama yako linapungua." Nilidhani ni ugonjwa unasema. Nikamwambia ni majani, baba, yameota mbele yake. Kesho yake akarudia. Kesho kutwa akarudia, na machozi. "Jana lilifika kwenye mbuni ule wa pili wa kahawa yangu. Leo halifiki." Wiki nzima nilimjibu kama mtu anavyomjibu mtoto. Wiki nzima, Anyitike. Aliamka kila siku akalitazama kaburi la mkewe likiliwa, akaniambia, na mimi nikampangusa mdomo.

Jumamosi nilipanda mlimani ili nimletee jani la mbuni ule, nimwonyeshe kwamba hakuna kitu. Nilikuta udongo mtupu. Kichwani pa kaburi yalibaki matofali machache, mengine yote yametolewa kwa sururu, na alama za mkokoteni wa ng'ombe zinashuka upande wa pili wa mlima, ule usioonekana na watu wa mstari. Nilizifuata. Zilikwenda mpaka kwenye msingi wa nyumba bora ya Rubeni. Upande mmoja wa ukuta wake matofali yalikuwa bado na chokaa ya Pasaka.

Nilimwuliza. Alikuwa amesimama na mwiko mkononi, hakuona hata aibu. Akaniambia, "Marehemu hahitaji nyumba bora. Nitamjengea tena, matofali yakipatikana. Usimwambie mzee." Nikamwambia mzee ndiye aliyeniambia mimi. Hakunielewa, akadhani nimechanganyikiwa.

Kesho yake, Jumapili, alikuja baada ya ibada kumsalimu baba, na suti yake. Alikaa kwenye kigoda karibu na kitanda. Baba akamwuliza, "Kaburi la mama yako likoje?"

"Liko vizuri, baba. Nimelipalilia juzi."

Baba alimtazama. Akaniita mimi, akasema polepole, kila neno likimgharimu, "Huyu asiingie tena. Akitaka kusema na mimi, asimame nje, kama wapita njia wengine."

Rubeni alitaka kucheka. Ndipo nilipomshika mkono nikamweka penye kichwa cha baba, nikamwambia tazama. Aliona mlima. Aliona lile shimo jekundu kati ya kahawa. Alitoka bila kofia yake.

Tangu siku hiyo alikuwa anakuja nje. Alisimama njiani akaita, "Baba, shikamoo." Baba hakuitikia. Alijaribu kuchungulia, pua ikagusa matete, hakuona kitu. Mwezi wa Desemba mkewe Loisi aliharibikiwa na mimba ya miezi mitano, na wazee wakamwambia Rubeni kile unachokijua wewe na mimi, kwamba moyo wa mzazi ukiwa mzito, tumbo la nyumba halishiki kitu. Yeye mwenyewe ni mtu wa Moravian na mimi pia, lakini mambo haya hayaulizi dini. Alianza kuja na bakuli la maji, ili baba ayapulize, ampe radhi. Alikuja mchana, watu wakimwona. Mvua za Januari zilimnyeshea. Sikumfungulia. Baba alikuwa amesema asiingie, na mimi nilikuwa binti mtiifu, tena nilifurahi kuwa mtiifu.

Alhamisi tarehe kumi na tisa Februari, asubuhi, baba alikunywa vijiko viwili vya uji. Mvua ilikuwa imepumzika kidogo. Alitazama nje muda mrefu, kisha akaniambia maneno haya, nakuandikia kama yalivyotoka: "Tuli, akija leo, mfungulie. Nimechoka kumwona ananyeshewa. Atanipa maji, nitapuliza."

Nikasema, "Ndiyo, baba."

Alilala. Saa saba mchana nilipokwenda kumgeuza, alikuwa ameshakwenda. Hakuna kelele, hakuna kitu. Macho yalikuwa wazi, nikayafumba. Nilimwita Nesta kwa mlango wa nyuma, akaja na kitambaa cha kumfunga kidevu.

Bado tuko katika kazi hiyo, Rubeni akafika.

Mvua ilikuwa imeanza tena. Alipiga magoti kwenye matope mbele ya dirisha, na bakuli lake. Loisi alisimama nyuma yake amejifunika gunia. Akaanza, "Baba, ni mimi. Matofali nilichukua mimi. Nilikudanganya mbele ya uso wako. Mama yangu nimemvua nguo." Watu wakasimama, wa kisimani, wa shambani, na balozi Jairo na mwamvuli wake. Alisema yote, Anyitike. Alisema na mambo mengine ambayo hata sikuyajua, ambayo sitayaandika. Akainua bakuli mpaka likagusa matete. "Huna haja ya kusema, baba. Puliza tu. Nitasikia."

Nesta alininong'oneza, "Mwambie. Mwambie mtu huyu."

Nilikuwa nimekaa kitandani, mkono wa baba uko mkononi mwangu, unapoa. Ningetakiwa nivuke chumba hatua nne. Nilimtazama kaka yangu kati ya tete na tete. Niliona matone ya mvua yakijaza lile bakuli mpaka likafurika, naye hathubutu kulishusha. Nikakumbuka wiki ile nzima niliyompangusa baba mdomo. Nikakumbuka "marehemu hahitaji". Nikasema moyoni, mwache.

"Baba, unaniona? Najua unaniona."

Nesta alinishika bega akanitikisa. Nikamsukuma akaangukia ukuta, na udongo mweusi ukamchafua nguo yote. Aliinuka akarudi kwenye kitambaa chake cha kidevu.

Nilimwacha hivyo saa nzima. Watu wengine walianza kulia, hata wale waliozoea kucheka pale. Loisi alimwinua mara mbili, akaanguka tena. Alipokauka sauti, ndipo nilipofungua mlango nikatoka nikasema, "Baba amefariki."

Rubeni akaniuliza, "Saa ngapi?"

Nikamjibu, "Sasa hivi."

Hivyo ndivyo baba alivyokufa. Kijiji kizima kinajua kwamba mzee Mbonile alimsikiliza mwanawe mpaka mwisho, akamnyima pumzi yake ya mwisho akaenda nayo. Mchungaji alihubiri mazikoni juu ya ugumu wa moyo, akimsema baba kwa mafumbo, na mimi nilikuwa nimekaa mstari wa mbele na kilemba cheusi. Baba yetu ambaye asubuhi alisema mfungulie.

Rubeni hakuingia tena kwenye ile nyumba yake bora. Baada ya matanga alianza kuibomoa. Ameibomoa ukuta mmoja mmoja kwa mikono yake, na matofali anayapandisha mlimani begani, manne manne, hataki mkokoteni wala msaada wa mtu. Amewajengea baba na mama kaburi moja pana. Akimaliza upande analibomoa tena, anasema halijanyooka. Uongozi wamemvua. Amekonda, shati linamning'inia. Mimi siku hizi nalala kwenye kitanda cha baba, na namwona. Asubuhi nikifungua macho yeye yuko kule juu kama siafu. Yeye hanioni.

Wiki iliyopita Loisi alikuja. Amepata mimba tena, changa, na ana hofu hata ya kuinua ndoo. Alikaa kwenye kigoda kile kile cha mumewe, akaniuliza kwa adabu sana, "Wifi, wewe ndiye uliyekuwa naye. Baba hakusema neno lolote kuhusu sisi? Hata dogo?"

Nilikuwa nachambua maharage. Nikamwambia, "Hakusema kitu."

Alinishukuru. Akanisaidia kuchambua mpaka yakaisha, akaenda.

Nesta hali tena nyumbani kwangu. Akinipita njiani ananiamkia vizuri, basi. Hajamwambia mtu, nami sijui ni kwa huruma au ananisubiri. Leo ni Jumapili ya Mitende. Mchungaji ameniuliza kama nitashiriki Meza ya Bwana siku ya Pasaka, nikamwambia mgongo hauniruhusu kukaa ibada ndefu.

Wewe ni wa tatu wetu, na damu ni yako pia. Ukitaka Rubeni ajue, mwandikie. Sitakukataza, na akija kuniuliza sitakana. Lakini usinitume mimi. Si kwamba naogopa. Kila siku jioni nafika mpaka mlangoni niende kwake, namkumbuka amekaa kwenye kigoda na suti yake akisema liko vizuri baba, halafu narudi kitandani. Bado sijataka, Anyitike. Nakuandikia kweli kwa sababu wewe ndiye pekee niliyebaki naye wa kumwambia kweli.

Balozi Jairo anakusalimu, anauliza kama huko kuna misumari. Mwalimu aliyeleta barua yako anakusalimu. Loisi anakusalimu sana, ameomba mumwombee. Rubeni naye, alipopita njiani nikamwambia kwamba nakuandikia, alishusha matofali akafuta mikono, akasema nikuambie usimchukie, na kwamba wewe angalau ulikuwa mbali. Busu kwa watoto. Mwambie wifi kanga aliyoniletea mama yake ninaivaa.

Mungu akutunze huko uliko, akuongezee miaka, na siku yako ikifika akupe mtu wa kukaa nawe mwenye moyo kuliko huu wangu.

Dada yako anayekupenda,
Tulinagwe Mbonile